Kambakoche hafi kwa njaa, huuawa na maji yaliyosimama

RONGUI, Msumbiji. Kambakoche aliyejificha kwenye miamba ya kisiwa hiki kidogo, mbele ya pwani ya Palma, hahitaji mtu wa kumbadilishia maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Uchafu unaondoka, maji mapya yenye hewa yanaingia, na yeye anakaa tu pangoni mwake.

Shida huanza akishatolewa. Mnunuzi wa mjini ana bei ya kambakoche aliye hai na ana bei ya aliyekufa, na tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida yote ya mchuuzi. Kati ya mwamba na mnunuzi kuna kusubiri: mzigo utimie, upepo utulie, karatasi za mpakani zipatikane. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma yenyewe kuvamiwa Machi 2021, kupanga safari katika pwani hii kumekuwa kazi ya kubahatisha. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko bara kabisa, Negomano, mbali na wavuvi wa visiwani.

Kwa hiyo mzigo unalala nyumbani, ndani ya tanki la maji chumvi.

Wengi hutumia fedha kwenye tanki kubwa, kisha wakabana kwenye pampu na mabomba. Hapo ndipo hasara inapoingilia. Kambakoche anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Kinachomuua ni kukosa hewa, na sumu ya amonia inayotoka kwenye uchafu wake mwenyewe. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 6 tu za oksijeni kwa lita, na wanyama waliosongamana huzimaliza usiku mmoja.

Mpangilio unaofaa ni wa matanki mawili. La juu lina mzigo. Maji yanayofurika juu yake hushuka kwa bomba hadi tanki la chini, yakapita kwenye sponji na vipande vya matumbawe yaliyokufa, kisha pampu huyarudisha juu. Bomba la kushuka liwe pana kuliko la kupanda, kwa sababu maji yanayoshuka hayana mota ya kuyasukuma: kama la kupanda ni inchi 1, la kushuka liwe inchi 1½ au 2. Likiwa jembamba, siku likiziba kidogo sakafu nzima inalowa.

Tanki la urefu wa mita 1, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 60 lina lita 300. Maji yake yakizunguka mara 5 kwa saa, pampu inatakiwa itoe lita 1,500. Lakini namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ikisukuma mita moja na nusu kwenda juu, na kupita kona nne za bomba, nguvu hupungua sana. Mwenye kununua aulize pampu inatoa lita ngapi kwa kimo chake, na fundi apunguze kona.

Umeme ukikatika, bomba la kurudisha hugeuka mrija na kuanza kunyonya maji ya juu kuyapeleka chini. Tiba yake ni tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo ya uso wa maji: maji yakishuka hadi hapo, hewa inaingia na mtiririko unakatika. Tanki la chini nalo liachiwe nafasi ya kupokea yaliyoshuka. Valvu ya kuzuia maji kurudi isitegemewe peke yake. Chumvi na uchafu huikwamisha. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwe karibu.

Mabomba yawe ya plastiki, na viungio pia. Koki moja ya shaba inatosha kuua mzigo, ingawa damu ya kambakoche yenyewe ina shaba ndani yake. Ikiyeyuka kwenye maji ni sumu kwake.

Tanki jipya lisijazwe siku ya kwanza. Bakteria wanaokula amonia huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea kwenye matumbawe ya kichujio, kwa hiyo mchuuzi aanze na wanyama wachache sana. Utaratibu huu si mgeni Afrika Mashariki: wauzaji wa samaki wa mapambo wa pwani ya Kenya wamewahifadhi samaki wao kwenye matanki ya namna hii kwa miongo kadhaa kabla ya kuwasafirisha kwa ndege kwenda Ulaya na Marekani.

Maji ya kujazia yatekwe bahari ikiwa imejaa, mbali na mdomo wa Ruvuma, hasa masika mto unapomwaga maji mengi baharini. Yakipungua kwa kukauka huongezwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, si ya bahari. Joto huondoa maji tu. Chumvi yote hubaki ndani ya tanki.