Roboti Ameua au Roboti Imeua? Upatanisho wa Kisarufi katika Kuisimulia Filamu ya Hardware

Filamu ya Hardware, iliyoongozwa na Richard Stanley, mzaliwa wa Afrika Kusini, ilitolewa mwaka 1990. Ni kazi ya fedha chache: iligharimu takriban dola milioni 1.5, na sehemu kubwa ya kisa imefungiwa ndani ya nyumba moja ya ghorofa. Hata hivyo, anayetaka kukisimulia kisa hicho kwa Kiswahili hukutana na swali zito la sarufi: mashine ya vita inapoua, kitenzi kichukue kiambishi gani?

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika dunia iliyoharibiwa na vita na mionzi ya nyuklia, mwokotaji mmoja anafukua jangwani vipande vya roboti. Moses, aliyekuwa askari, anavinunua, kisha anampelekea kichwa chake mpenzi wake Jill, msanii wa sanamu za chuma. Jill anakiweka katika sanamu yake. Baadaye roboti inajiunda upya kwa vyuma na zana zilizomo nyumbani, na kuanza kuua. Hapo hubainika kwamba ni M.A.R.K. 13, silaha ya serikali. Moses anakufa kwa sumu anayodungwa. Jill anaokoka kwa sababu chombo hicho kina kasoro: hakistahimili maji, naye anakimaliza bafuni.

Jina la silaha hiyo linaelekeza kwenye Injili ya Marko, sura ya 13. Filamu inafunguliwa kwa tishio kwamba hakuna mwenye mwili atakayesazwa. Lakini aya ya 20 ya sura hiyo husema kwamba siku za dhiki zilifupishwa kwa ajili ya wateule, ili watu waokoke. Filamu imechukua tishio na kuiacha rehema. Na ndivyo ilivyo mashine yenyewe, isiyojua adui wala raia.

Muhtasari huu umesema "roboti inajiunda", wala si "anajiunda". Katika Kiswahili sanifu, kiumbe hai hupatanishwa kwa a- na wa-, hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine. Neno kifaru ni ushahidi mzuri. Mnyama akipita, husemwa "kifaru amepita". Gari la vita likipita, husemwa "kifaru kimepita". Lugha imekiazima chombo jina la mnyama, lakini haikukiazima uhai wake.

Roboti ya filamu hii huujaribu mpaka huo. Huamka, huvizia, husubiri gizani. Basi ulimi wa msimulizi huteleza na kusema "anamtafuta Jill". Katika ngano jambo hilo si kosa, kwani humo hata jiwe huweza kunena. Katika taarifa ya kifo cha mtu, mambo ni mengine.

Sarufi hutenganisha pia mtendaji na kifaa: "aliuawa na askari kwa bunduki". Ikisemwa kwamba Moses "aliuawa na roboti", nafasi ya mtendaji imekwisha kujazwa, na aliyeiunda na aliyeiagiza wametoweka katika sentensi. Ni kweli kwamba husemwa pia "amegongwa na gari". Lakini msikilizaji huuliza mara moja dereva ni nani. Kwa roboti, swali hilo huweza kusahaulika. Filamu haikulisahau: mwishoni redio inatangaza kwamba serikali imeidhinisha M.A.R.K. 13 zitengenezwe kwa wingi. Muuaji ana mwenyewe.

Suala hili limetoka katika sinema na kuingia katika mabaraza. Mwezi wa Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiendesha, kwa kura 152 dhidi ya 4. Mijadala hiyo inahitaji kufasiriwa kwa Kiswahili, na mfasiri atalazimika kuchagua kiambishi. "Roboti ameua" hufunga shauri, kwa kuwa muuaji amekwisha kutajwa. "Roboti imeua" huliacha wazi, na jamaa za marehemu huweza bado kuuliza: imetumwa na nani?