Kusoma Umri wa Valvu ya GZ34

Valvu rektifaya ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, inayogeuza mkondo geu wa umeme kuwa mkondo mnyoofu unaotumiwa na amplifaya. Miongoni mwa valvu za zamani, GZ34, ambayo Wamarekani huiita 5AR4, husifika kwa kupoteza volti chache: takriban 17 inapopitisha miliampia 225. Kwa mkondo huohuo, valvu rektifaya nyingine, 5U4-G, hupoteza takriban 44. Ndiyo maana kuweka moja mahali pa nyingine hubadilisha volti za amplifaya nzima. Tena kathodi ya GZ34, yaani sehemu inayotoa elektroni, hupata moto polepole, hivyo volti hupanda taratibu.

Jina lililoandikwa kwenye chupa halithibitishi asili yake, kwani viwanda viliuziana valvu. Ushahidi bora ni alama ndogo zilizo kwenye kioo, karibu na kitako. Katika mfumo wa Philips, alama kama f32 hutaja aina na toleo. Chini yake, B2F3 humaanisha kiwanda cha Mullard cha Blackburn, Uingereza, mwaka unaoishia na 2, Juni, wiki ya tatu. Muongo hutambuliwa kwa toleo, kitako na umbo la sehemu za ndani.