Risasi ya polisi huwaumiza hata wasiopigwa

JE, una mwana au ndugu anayesomea Marekani? Iwapo siku hizi anakwambia kwenye simu kwamba hapati usingizi, au anasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuuelewa, usiharakishe kumwita mvivu. Huenda ana jeraha lisilotoa damu.

Mnamo Mei 25, 2020, mjini Minneapolis, George Floyd, Mmarekani mweusi, alifariki baada ya polisi kumkandamiza shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Video ya unyama huo ilitazamwa kote duniani. Kwa mwanafunzi mweusi, hiyo si habari ya kutazama na kusahau. Humwona marehemu, kisha hujiona yeye mwenyewe.

Chuo nacho si ngome. Mnamo Mei 1970, polisi walimimina risasi kwenye bweni la Chuo cha Jackson State, jimboni Mississippi, wakaua vijana 2 na kujeruhi 12. Wala pasipoti ya Kiafrika si kinga. Mnamo Februari 1999, Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, aliuawa mjini New York na polisi waliofyatua risasi 41. Hakuwa na silaha.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 katika jarida la matibabu la The Lancet ulionyesha kwamba polisi wanapomuua mtu mweusi asiye na silaha, afya ya akili ya watu weusi katika jimbo hilo huzorota, hasa katika miezi miwili inayofuata. Wazungu hawakuathirika vivyo hivyo.

Sababu ni hii. Mwili ukihisi hatari, moyo hudunda kwa kasi na misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini anayeshtuka kila aonapo gari la polisi hapati nafasi ya kutulia. Ndipo huja maumivu ya kichwa na tumbo, hasira za ghafla, kusahau masomo na kujitenga na wenzake. Mtihani nao haumsubiri.

Unaweza kumsaidiaje? Kwanza, msikilize. Usimwambie, "Jikaze, tulikupeleka kusoma." Pili, mshauri asirudie kutazama video hizo. Tatu, dalili zikizidi majuma mawili, amwone mshauri wa chuoni. Vyuo vingi huko vinaye. Akitaja kujiua, hiyo ni dharura: akiwa Marekani apige simu nambari 988, usiku au mchana.

Ni kweli, ushauri hauondoi bunduki barabarani. Hiyo ni kazi ya serikali na mahakama. Lakini wahenga walinena, mficha maradhi kifo humfichua. Mpigie mwanao simu leo, na swali lako la kwanza lisiwe kuhusu mtihani.