Miezi Mitatu Baada ya Figo Kushindwa

Mgonjwa aliyeponea chupuchupu katika msiba wa figo kushindwa kwa ghafla, mara apatapo nguvu za kuketi kitandani, aghalabu huuliza swali moja: je, figo zangu zitarudi kama zilivyokuwa? Tabibu mkweli hawezi kumjibu papo hapo kwa yakini. Walakini jibu halikufichika kabisa, kwani ziko dalili ambazo, zikikusanywa na kupimwa pamoja, hubashiri mengi ya mbele.

Msiba huu una milango mingi: malaria kali, kuharisha kulikoukausha mwili, damu iliyomwagika wakati wa uzazi, au dawa za maumivu zilizomezwa bila ya kadiri. Kwamba figo zilizozimika zaweza kuzinduka ni jambo lililoonekana wazi mwaka 1945 mjini Kampen, Uholanzi, pale bibi wa miaka 67, aliyekwisha kuwa mahututi, aliposafishwa damu kwa mashine aliyoiunda Daktari Willem Kolff. Figo zake ziliamka, naye akaishi miaka kadhaa tena.

Hata hivyo kuzinduka si kupona. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Chembe zilizosalimika katika mifereji yake huzaliana na kuufunika upya ukuta uliobabuka, lakini kichujio kilichokufa hakioti tena. Mahali pake hushika kovu, na vile vilivyobaki huibeba kazi ya vilivyokufa kimya kimya, pengine kwa miaka mingi, mpaka navyo vichoke.

Ndiyo sababu naichelea furaha ya siku ya kuruhusiwa. Tumfikirie mzazi ambaye kreatinini ya damu yake, yaani taka ambayo figo huichuja, ilipanda hata maikromoli 600 kwa lita, na sasa imeshuka hadi 85: mkojo unatoka kwa wingi, jamaa wanamshukuru Mungu, na karatasi imeandikwa kwamba figo zimepona. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na wiki tano za kulala zimemkondesha mama huyu mpaka bangili zinamvuka mkononi zenyewe. Na maadamu misuli imepungua, kreatinini nayo hupungua, hata figo dhaifu ikadhaniwa nzima.

Mwaka 2017 watafiti wa Alberta, nchini Kanada, walitangaza hesabu ya kukadiria ni nani atakayeishia katika maradhi mazito ya kudumu ya figo, wakatumia mambo sita: umri, jinsia, kreatinini ya kabla ya ugonjwa, albumini (aina ya protini) katika mkojo, ukali wa shambulio, na kreatinini ya siku ya kutoka hospitali. Hesabu hiyo naistahi. Ila inataka kipimo cha siku za siha, na wagonjwa wetu wengi damu yao hupimwa kwa mara ya kwanza siku wanapoletwa wamebebwa. Hilo hunisikitisha kila mara.

Basi katika hayo sita mimi hulishikilia la mkojo, kwa kuwa ni rahisi nalo husema kweli. Kijiti chenye mraba wa manjano huchovywa katika kikombe cha mkojo. Dakika moja haijatimia, mraba ukageuka kijani, twajua kwamba protini inavuja. Ikiwa ingali inavuja miezi mitatu baada ya msiba, hatari ya figo kuendelea kudhoofu huwa kubwa, hata kama kreatinini inapendeza. Na muda huo wa miezi mitatu haukuchaguliwa kwa kubahatisha: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 umeuweka kuwa wakati wa kumpima upya mgonjwa, maana kasoro iliyopita hapo huhesabiwa kuwa maradhi ya kudumu.

Kwa hiyo, ewe msomaji, umtoapo mgonjwa wako hospitali baada ya figo kushindwa, iandike tarehe ya mwezi wa tatu juu ya karatasi yake, na siku hiyo umpeleke apimwe damu, mkojo na presha, ajapokuwa anajiona mzima. Na tangu leo asipewe dawa za maumivu kama diklofenaki wala ibuprofeni pasipo idhini ya daktari.