Rangi za Mimea na Afya ya Moyo

Mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja ofisini, karani aliyenitangulia kwa miaka mingi, aliambiwa na daktari ya kuwa damu yake ina shinikizo kubwa, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Baada ya miezi michache aliviacha. Nilipomwuliza sababu, alifungua mtoto wa meza akanionyesha kopo la vidonge vingine, vya rangi ya zambarau, alivyouziwa karibu na kituo cha mabasi. “Bwana mdogo,” akaniambia, “hii ni rangi ya matunda yenyewe. Yasafisha mishipa ya moyo, wala haina kemikali.” Sikuwa na la kumjibu siku ile, maana sikujua lolote juu ya jambo hilo. Nikaanza kusoma.

Hapana shaka yale aliyoambiwa na mchuuzi yalikuwa na asili ya kweli. Wekundu wa nyanya hutokana na kitu kiitwacho likopeni. Umanjano wa karoti na papai ni karotini, jina lililotolewa na Mjerumani Wackenroder mwaka 1831, alipoitoa katika karoti. Karotini imo pia katika majani ya kunde na mchicha, ila kijani huifunika isionekane. Na ile rangi ya zambarau iliyo katika ganda la biringani, katika kabichi nyekundu na katika zambarau zinazotia watoto wetu madoa ulimini, huitwa antosianini. Hapa kwetu Kenya antosianini ina sifa ya pekee, kwa kuwa mwaka 2011 wataalamu wa utafiti wa chai huko Kericho waliwatolea wakulima mchai wenye majani ya zambarau, uitwao TRFK 306.

Huko Marekani wauguzi wanawake 93,600, waliokuwa na umri wa miaka 25 hadi 42 hapo mwanzo, walifuatwa kwa miaka 18, wakiulizwa mara kwa mara wanakula nini. Katika muda huo 405 kati yao walipatwa na shambulio la moyo. Matokeo yalipotolewa mwaka 2013, ilionekana ya kwamba waliokula antosianini nyingi kuliko wote walikuwa na hatari pungufu kwa 32 kwa mia kuliko waliokula kidogo kabisa. Mwaka uliotangulia, uchunguzi mwingine wa Marekani ulikuwa umeona jambo la namna hiyo kwa ugonjwa wa sukari. Lakini msomaji na aangalie neno moja: wanawake hao walikula matunda. Hawakumeza vidonge. Tena mtu apendaye matunda huenda ana desturi nyingine njema, na ijapokuwa wenye kuhesabu hujitahidi kuzitenga desturi hizo, haziwezi kutengwa zote.

Yaliyotokea Finland ndiyo yaliyonishtua. Wanaume 29,133 wavutao sigara waligawanywa, wengine wakapewa karotini katika vidonge, miligramu 20 kwa siku, kwa muda wa miaka 5 hadi 8. Ilikuwa imetazamiwa ya kuwa itawakinga na kansa ya mapafu, kwa sababu watu walao mboga nyingi huugua kansa hiyo kwa uchache. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza karotini walikuwa wamepata kansa hiyo zaidi ya wenzao kwa 18 kwa mia, na waliokufa miongoni mwao walikuwa wengi zaidi. Uchunguzi wa Marekani uliofanana na huo ulisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo.

Basi rangi ni ile ile, lakini ndani ya boga inakuja pamoja na nyuzinyuzi, maji, na chumvi za aina zifaazo damu. Tena boga likijaza sahani, mkate mweupe hupungua. Kidonge hakimpunguzii mtu mandazi hata moja. Mimi nafikiri hapo ndipo penye siri kubwa, kuliko katika rangi peke yake.

Hata jikoni kuna hasara nyingi. Antosianini huyeyuka katika maji, basi kabichi nyekundu ikichemshwa sana maji yakamwagwa, rangi imemwagwa pia. Karotini hupenda mafuta, kwa hiyo kijiko kidogo cha mafuta katika mchicha chasaidia mwili kuipokea. Na magadi, ambayo mama zetu huyapenda kwa kulainisha mboga, huharibu vitamini C, tena huongeza chumvi ambayo mwenye shinikizo hafai kuongezewa.

Nilimweleza Mzee habari za Finland kwa adabu, nikijua ya kwamba hapendi kufundishwa na mdogo wake. Hakusema neno. Juma lililofuata alirudi kwa daktari. Shinikizo lilikuwa limepanda vibaya, akaanza tena vidonge vyake vya kwanza. Kopo lile sasa linahifadhi pini za karatasi. Chai ya zambarau anainywa, bila sukari, na makarani wapya huitwa mezani pake wamtazame akiikamulia ndimu, maana hapo hapo rangi yake hugeuka ikawa ya waridi.