Kiwambo cha kipakatalishi kikuukuu kikiwa giza, huenda taa tu ndiyo iliyokufa

VIPAKATALISHI vingi vilivyoundwa kabla ya mwaka wa 2010 vina hitilafu moja inayowahadaa wenyewe. Mashine huwaka, feni huvuma, sauti ya kukaribisha husikika, lakini kiwambo husalia cheusi. Mwenye mali hudhani imekufa, na fundi mwenye tamaa humthibitishia kwamba kiwambo kizima sharti kinunuliwe upya.

Ukweli ni kwamba kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kuziba au kupitisha mwanga unaotoka nyuma. Katika mashine za enzi hiyo, mwanga huo hutoka kwa taa ya mrija, ndugu wa zile ndefu za dukani, ila hii ni nyembamba kuliko penseli na hufichwa kwenye ukingo wa kiwambo, aghalabu upande wa chini. Taa hiyo haiwezi kutumia umeme wa betri moja kwa moja. Huhitaji mamia ya volti, na wakati wa kuwashwa huweza kupita volti 1,000. Anayeikuza nguvu hiyo ni kisaketi kidogo kiitwacho inveta.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata senti, chukua tochi. Iwashe mashine, kisha ummulike mshazari kwenye kiwambo hicho cheusi. Ukiona maandishi au picha hafifu, kioo ni kizima. Kilichokosekana ni mwanga. Usipoona chochote, unganisha mashine na kiwambo cha nje. Picha ikitokea huko, ubao mkuu hauna neno.

Tuseme tochi imekuonyesha picha. Kisa ni taa au ni inveta? Hapa dalili husema mengi. Kiwambo kinachowaka kwa rangi ya waridi au nyekundu, kisha kupata weupe polepole, kina taa iliyozeeka. Kinachowaka kwa sekunde moja au mbili na kuzimika kinaonyesha kuwa inveta inajikinga, ama kwa sababu ya taa iliyochakaa au kwa udhaifu wake yenyewe. Kinachozimika au kumetameta unapokunja na kukunjua kifuniko, kina kebo iliyokatika ndani ya bawaba. Na usisahau swichi ndogo inayozima taa kifuniko kinapofungwa. Ikikwama, mashine nzima kabisa huonekana mbovu.

Kubadilisha inveta ni kazi ya bisibisi na subira. Baadhi zina fyuzi ndogo ambayo fundi mwenye mita huipima kwa dakika moja, ingawa fyuzi haiungui bure na sharti kiini kitafutwe. Kubadilisha taa ni shughuli nyingine kabisa. Kiwambo hufunguliwa tabaka baada ya tabaka, waya huchomelewa kwa risasi, na chembe moja ya vumbi ikiingia itakukera kila siku. Taa yenyewe ina zebaki, kwa hivyo ikivunjika fungua madirisha, na isitupwe jaani wala kuchomwa. Toa betri na chaja kabla ya kugusa chochote. Nguvu ya inveta si ya kuchezewa.

Mistari ya wima isiyoondoka ni habari mbaya. Hutokana na utepe mwembamba uliogandishwa ukingoni mwa kioo ambao umebanduka. Wapo wanaobana fremu ili mstari upotee, lakini hurudi. Hapo tafuta kiwambo kingine, tuseme kutoka kwa mashine zilizovunjwa zinazouzwa na mafundi wa Barabara ya Luthuli, Nairobi. Fuata nambari iliyo mgongoni mwa kiwambo, wala si jina la mashine. ThinkPad T42 ya mwaka wa 2004, kwa mfano, iliuzwa na viwambo vya inchi 14.1 vya nukta 1024 kwa 768 na vingine vya 1400 kwa 1050.

Mashine za miaka ya tisini zina maradhi yao. Katika PowerBook za Apple zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1991, kapasita za kiwambo huvuja na majimaji yake kula saketi. Kapasita mpya huokoa nyingi zikiwahiwa. Kuna pia viwambo vinavyonuka siki. Utando unaochuja mwanga huoza, ukafanya madoa na malengelenge. Utando huo huweza kukwanguliwa na mwingine kubandikwa, mradi uelekezwe sawasawa. Ukipinduliwa, nyeusi huwa nyeupe.

Na iwapo kiwambo hakifai tena, faili zako hazijapotea. Tundu la VGA, lililo kwenye vipakatalishi vingi vya wakati huo, hukuwezesha kutumia kiwambo cha mezani huku ukinakili picha na hati zako hadi kwenye diski nyingine.