Mvua, Mlio na Ukimya wa Msitu

Apandaye kutoka mjini Moshi wakati wa masika huiacha nyuma nchi tambarare yenye mvua za wastani, na baada ya mwendo mfupi huingia katika ukanda wa mawingu. Katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye kimo cha karibu mita 2,200, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Usiku mkavu, msitu wa huko husikika milio mikali ya perere, mnyama mdogo akaaye mitini. Usiku wa mvua, msitu huo huo hunyamaza. Je, perere wamekwenda wapi?

Swali hili si la mzaha. Perere hutembea usiku, tena juu ya miti, hivyo ni shida kumhesabu kwa macho. Watafiti humhesabu kwa masikio. Perere wa aina hii alielezwa kitaalamu mwaka 1890 na Frederick True, kwa kielelezo kilichotoka katika mlima huu. Zamani aliwindwa sana kwa ajili ya ngozi yake. Msitu anamoishi ulijumuishwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na uwindaji humo hauruhusiwi. Mwenye kuhesabu akidanganywa na mvua, ataandika kwamba mnyama ametoweka mahali ambapo yumo. Au upungufu wa kweli utasingiziwa mvua. Yafaa basi tujue mvua huufanya nini mlio. Huuingilia mahali patatu: katika chombo, njiani, na katika sikio la msikilizaji.

Tuanze na chombo, kwa mfano wa wawindaji wa bata mzinga wa mwituni huko Marekani. Wao humwita ndege huyo kwa kisanduku chembamba cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa juu ya ukingo wake. Henry Gibson wa jimbo la Arkansas alipata hataza ya kisanduku cha namna hiyo mwaka 1897. Sauti yake hutokana na jambo ambalo msomaji analijua nyumbani: mlango wenye bawaba kavu. Vitu viwili vinaposuguana, hushikana kidogo, huachana ghafla, kisha hushikana tena, mara mamia kwa sekunde moja. Kila kuachana ni mshtuko mdogo, na mishtuko hiyo ndiyo sauti. Ndiyo maana mpiga zeze hupaka utomvu mkavu kwenye upinde wake, na mwindaji hupaka chaki kwenye kisanduku: wote wawili wataka mshiko. Maji yakiingia, chaki hugeuka uji, mbao huteleza, na mlio hufa. Tena mbao iliyokunywa maji huwa nzito na huumeza mtikisiko badala ya kuutoa. Jaribu kuandika kwa chaki ubaoni pakiwa pakavu, kisha ulowanishe ubao, utasikia tofauti.

Ngoma hupatwa na maradhi mengine. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na kadiri inavyolegea ndivyo sauti inavyoshuka. Kanuni ni kwamba mkazo ukipungua hadi robo, idadi ya mitikisiko kwa sekunde hupungua hadi nusu. Wapiga ngoma wetu waliyajua hayo bila hesabu. Ndiyo maana ngoma huoteshwa moto kabla ya kuchezwa. Hata kipaza sauti cha mtafiti anayetumia milio iliyorekodiwa, kikiwa na utando wa karatasi, hudhoofika kikilowa.

Lakini pembe, mwanzi na mbinja ya mdomo ni habari nyingine. Humo kinachotikisika ni hewa yenyewe, nayo haina ngozi ya kulegea. Mbiu ya mgambo yaweza kulia hata katika manyunyu, ilimradi maji yasijae ndani. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi humwita mlembe, ndege aonyeshaye asali, kwa mbinja. Chombo hicho hakihitaji kuanikwa juani.

Sasa tufike njiani. Wengi hudhani kwamba hewa yenye unyevu huizima sauti. Kwa sauti nyembamba, kinyume chake ndicho kweli. Katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi, sauti ya mitikisiko 4,000 kwa sekunde hupoteza desibeli 89 hivi katika kila kilomita iwapo unyevu wa hewa ni asilimia 20. Unyevu ukiwa asilimia 80, hupoteza desibeli 24 tu. Kwa hiyo usiku mtulivu baada ya mvua, hewa ya msituni huupitisha mlio vizuri kuliko hewa kavu. Adui si unyevu wa hewani.

Adui ni matone. Mamilioni ya matone yakipiga majani huzusha kelele ambayo hulifunika sikio. Mwaka 2002 Thierry Lengagne na Peter Slater walichapisha uchunguzi wao juu ya bundi mmoja wa Ulaya. Walionyesha kwamba eneo ambamo mlio wake husikika wakati mkavu ni kubwa mara 69 kuliko wakati wa mvua. Si ajabu kwamba bundi hao huita mara chache mvua inaponyesha. Ni kazi bure kupiga kelele pasipo msikilizaji.

Kutokana na hayo twapata mafunzo kwa kila atumwaye kuhesabu wanyama kwa milio. Asihesabu mvua inaponyesha, wala majani yanapodondosha maji kwa wingi. Aandike hali ya hewa kando ya kila hesabu, na arudi mahali pale pale usiku mwingine mkavu. Vyombo vyake avitunze katika mfuko usiopitisha maji, na avijaribu kabla hajaondoka nyumbani.

Juu ya yote, akumbuke kwamba kutosikia si sawa na kutokuwapo. Masika hupita, majani hukauka, na huenda usiku huo huo perere akaita kutoka katika mti ule ule ambao jana tuliuandika kuwa mtupu.